Kuingia kwenye seva ya nyumbani ukiwa mbali: kuseti SSH na kuitibu ikigoma

Seva yangu ni laptopu ya mtumba, ThinkPad ya zamani, ipo Tabata nyumbani kwa mama juu ya kabati la vyombo, na mimi kazi yangu ipo Njombe kwa hiyo kwa mwaka mzima naigusa kwa mkono labda mara mbili. Ndani yake kuna picha za familia, kuna hesabu za duka la mama ambazo zamani zilikuwa kwenye daftari na daftari likaloa mvua tukapoteza miezi kadhaa ya madeni ya watu, na kuna bakapu za simu za wote wa nyumbani. Ndiyo maana kuingia nikiwa mbali kwangu siyo suala la kujifurahisha, ikigoma mama anakosa hesabu zake. Naandika hapa ninavyoseti SSH, yaani njia salama ya kuandika komandi kwenye mashine iliyo mbali, mwanzo mpaka mwisho, na inapogoma naanzia wapi kutafuta.

Kuna kitu kimoja ukishike kabla ya vyote: ukibadilisha chochote kinachohusu mlango wa kuingilia, dirisha la komandi ulilonalo usilifunge mpaka umefungua la pili na limeingia. Chini nitaeleza nilivyojifunza hili.

Mashine yenyewe

Laptopu kuukuu inafaa kuliko kompyuta ya mezani kwa sababu betri yake ndiyo UPS yako, umeme ukikatika inaendelea, ila ruta nayo itafutie betri yake ndogo maana seva iliyo hai na ruta imezima haikusaidii kitu. Betri ichunguze kwa macho kwanza, ikiwa imevimba au padi ya kugusa imenyanyuka, itoe kabisa usiiache imechomekwa mwaka mzima ndani ya nyumba wanayolala watu. Kwenye ThinkPad nyingi unaweza kuiambia isijaze zaidi ya asilimia 80 kupitia faili hili `/sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold`, betri inadumu zaidi.

Kwa upande wa Linux mimi natumia Debian, Ubuntu Server nayo fresh tu. Unapoinstoli Debian, ikikuuliza paswedi ya root (yuza mkuu wa mashine) iache wazi, hapo yuza wako anapewa sudo, yaani ruhusa ya kufanya kazi za yuza mkuu, moja kwa moja, ukiijaza utakuja kushangaa sudo haipo. Kwenye orodha ya vitu vya kuinstoli weka tiki kwenye SSH server, na mazingira ya picha toa tiki, hatuyahitaji. Kama ulisahau:

`sudo apt update && sudo apt install openssh-server`

Halafu kuna la mfuniko. Laptopu ukiifunga inalala, na seva iliyolala haijibu. Fungua `/etc/systemd/logind.conf`, tafuta mstari wa HandleLidSwitch, toa alama ya reli (#) mbele yake na uandike `HandleLidSwitch=ignore`, kisha uwashe mashine upya. Na tumia waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, wifi iache kwa ajili ya simu.

Kingine ni anwani. Ruta inagawa IP inavyotaka, leo seva ni .50 kesho ni .63 na wewe unagonga mlango wa tv ya chumbani. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP (ndiyo inayogawa anwani), ifungie seva anwani moja kwa kutumia MAC yake, yaani namba ya kadi yake ya mtandao. Kwenye mfano huu ni 192.168.1.50 na yuza anaitwa neema.

Ingia mara ya kwanza, ukiwa bado hapo hapo nyumbani

Windows 10 na 11 zina ssh ndani yake tayari, hauhitaji kudownload kitu, fungua PowerShell tu. Kwenye simu ya Android weka Termux kisha `pkg install openssh`. Halafu:

`ssh neema@192.168.1.50`

Itakuuliza kama unaitambua hiyo mashine na itakuonyesha alama ya kidole inayoanza na SHA256. Watu wote wanaandika yes bila kusoma, mimi nakuomba usome hii mara moja tu kwa sababu upo jirani na mashine yenyewe: kwenye kibodi ya seva andika `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`, ukiona zinafanana ndio uandike yes. Kuanzia hapo kompyuta yako inaikumbuka, na siku mtu akijifanya yeye ndiye seva yako utaambiwa.

Hili la mtu kujifanya au kusikiliza siyo hadithi ya kutishana. SSH yenyewe ilizaliwa 1995 kwa sababu hiyo, Tatu Ylönen wa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki kule Finland aliiandika baada ya mtu kunasa paswedi zilizokuwa zinapita wazi kwenye mtandao wa chuo, maana telnet, programu ya zamani ya kuingia mbali, na wenzake walikuwa wanatuma paswedi kama postikadi. Akaomba apewe poti 22 (poti ni namba ya mlango ambao programu inasikiliza), imekaa katikati ya FTP ya kuhamisha mafaili yenye 21 na telnet yenye 23. Tunayotumia leo, OpenSSH, ilitoka kwa watu wa OpenBSD mwaka 1999. Kwa hiyo ukikuta mwongozo wa zamani unakwambia uwashe telnet ya kujaribia tu, uache.

Ufunguo badala ya paswedi

Kwenye kompyuta yako, siyo kwenye seva:

`ssh-keygen -t ed25519`

Utapata mafaili mawili, la siri linabaki kwako na halitoki kamwe, lenye .pub ndilo la kupeleka. Kwenye Linux, Mac na Termux linapelekwa hivi: `ssh-copy-id neema@192.168.1.50`. Windows haina hiyo komandi, kwa hiyo kopi ule mstari mmoja wa .pub, ingia kwenye seva kwa paswedi, andika `mkdir -p ~/.ssh`, kisha ubandike ndani ya `~/.ssh/authorized_keys` kwa nano (programu ya kuhariri maandishi), na hakikisha haujakatika ukawa mistari miwili maana hapo hautafanya kazi na hautaambiwa kwa nini.

Ruhusa za mafaili ndizo zinazosumbua wengi kuliko kitu kingine:

`chmod 700 ~/.ssh`
`chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys`

Na folda ya nyumbani yenyewe isiandikike na kundi wala watu wengine, `chmod go-w ~`. SSH ikiona mtu mwingine anaweza kugusa faili lako la funguo inalikataa kimya kimya, wewe unaona tu Permission denied na unaanza kutengeneza funguo mpya kumi bure.

Ufunguo ukishaingia, funga paswedi. Usihariri faili kubwa la sshd_config, tengeneza lako dogo `/etc/ssh/sshd_config.d/00-nyumbani.conf`:

`PermitRootLogin no`
`PasswordAuthentication no`
`KbdInteractiveAuthentication no`

Hizo sifuri mbili mwanzoni zina maana. SSH inasoma mafaili kwa mpangilio wa majina na thamani ya kwanza kuonekana ndiyo inayoshika, zinazofuata hazihesabiki, na Ubuntu Server mara nyingi inakuja na faili la 50-cloud-init.conf linalosema paswedi ruksa. Ukiliita lako 99 utadhani umefunga mlango kumbe upo wazi. Baada ya hapo:

`sudo sshd -t`
`sudo systemctl reload ssh`

Ya kwanza inakagua makosa, ikikaa kimya ni nzuri. Thibitisha kwa `sudo sshd -T | grep -i passwordauth`, na kutoka kwenye kompyuta yako jaribu kuingia bila ufunguo: `ssh -o PubkeyAuthentication=no neema@192.168.1.50`. Ikikukatalia papo hapo bila kuuliza paswedi, imefunga kweli.

Mwenye Ubuntu kuanzia 22.10 ajue kitu kingine: pale poti inasikilizwa na ssh.socket, kwa hiyo ukibadilisha namba ya poti kisha ukarestati ssh peke yake unaweza kukuta bado ni 22. Kwenye 24.04 ni `sudo systemctl daemon-reload` halafu `sudo systemctl restart ssh.socket`.

Fayawoli, na siku niliyojifungia nje

Nilikuwa Njombe, usiku, nimeingia kwenye seva ya Tabata, nikaamua leo niweke ufw, programu ya fayawoli inayochuja miunganiko inayoingia. Nikainstoli, nikaandika `sudo ufw enable`, ikaniuliza kwamba hii inaweza kukata miunganiko ya ssh je niendelee, nikabonyeza y. Haikukata kitu, niliendelea kuandika komandi kama kawaida nikaona mambo safi, nikafunga laptopu nikalala. Asubuhi mama anasema hesabu hazifunguki, najaribu kuingia, inazunguka tu mpaka inaandika Connection timed out. Ufw inauacha muunganiko uliokwisha kufunguka uendelee kupita, inayozuia ni miunganiko mipya, na mimi sikuwa nimeiruhusu SSH. Ningefungua dirisha la pili usiku ule ningegundua ndani ya nusu dakika.

Nikampigia mdogo wangu, akashusha laptopu kutoka juu ya kabati, nikaanza kumsomea kwenye simu: andika sudo, acha nafasi, u ya ua, f ya fimbo, w ya wali, acha nafasi, disable, sasa paswedi, hautaona inaandikika lakini inaandika wewe endelea. Tulikaa dakika arobaini kwa komandi moja yenye maneno matatu, na alichelewa kazini siku ile kwa ajili yangu. Tangu hapo utaratibu wangu ni huu na siuruki:

`sudo ufw allow OpenSSH`
`sudo systemd-run --on-active=10min /usr/sbin/ufw disable`
`sudo ufw enable`

Ule mstari wa kati unaweka saa, baada ya dakika kumi fayawoli inajizima yenyewe hata kama umejifungia nje. Itakupa jina la timer linaloanza na run-, ukishafungua dirisha la pili na likaingia, unaisimamisha kwa `sudo systemctl stop` pamoja na hilo jina.

Sasa kutoka nje ya nyumba

Miongozo mingi ya nje inakwambia nenda kwenye ruta fungua poti 22 uielekeze kwenye seva. Wengi wetu nyumbani tunatumia ruta ya laini ya simu na hiyo haifanyi kazi, siyo kwamba umekosea. Cheki hivi: kwenye ukurasa wa ruta angalia IP ya upande wa intaneti, halafu kwenye seva andika `curl ifconfig.me`. Zikitofautiana, au ya ruta ikiwa inaanza na 10 au ipo kati ya 100.64 na 100.127, basi mtandao wako umekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya IP moja, inaitwa CGNAT, na hakuna poti utakayofungua wewe ikafika.

Dawa niliyokaa nayo ni Tailscale, mtandao wa siri kati ya mashine zako, ambayo chini yake ni WireGuard (aina ya VPN). Kila mashine inatoka yenyewe kwenda nje na zinakutana, haijalishi CGNAT. Kwenye seva:

`curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh`
`sudo tailscale up`

Inakupa linki, unaifungua kwenye simu unaidhinisha, unafanya hivyo hivyo kwenye laptopu yako, basi. Seva inapata anwani nyingine ya 100 na kitu, hiyo ndiyo utakayotumia popote ulipo. Lakini ingia kwenye ukurasa wao wa usimamizi ukazime key expiry kwa ile seva, kwa kawaida ufunguo wake unaisha baada ya siku 180 na siku hiyo itatoka mtandaoni wewe ukiwa mbali bila kujua imekuwaje.

Asiyetaka kutegemea kampuni nyingine akodi VPS ndogo (seva ya kukodi yenye IP yake kwenye intaneti) na seva ya nyumbani iifuate yenyewe: `ssh -N -R 2222:localhost:22 neema@anwani-ya-vps`, kisha ukiwa ndani ya VPS unaandika `ssh -p 2222 neema@localhost`. Weka na autossh ili ikikatika ijirudishe. Inafanya kazi vizuri, ila ni mashine ya pili ya kuapdeti na kulipia kila mwezi.

Mwenye IP yake halisi na poti wazi duniani, aweke fail2ban, inayowafungia wanaobahatisha kuingia, na kwenye Debian 12 aandike `backend = systemd` kwenye jail (sehemu ya mipangilio) ya sshd kwa sababu faili la auth.log halipo tena kwa kawaida na fail2ban itagoma kuwaka.

Ikigoma, soma imegoma vipi

Watu wanaandika "ssh haifanyi kazi" halafu wanarestati kila kitu. Maneno ya era yenyewe yanakwambia pakiti (kifurushi cha data) imefia wapi.

Connection refused ni habari nzuri kidogo, maana umefika kwenye mashine fulani na imekujibu kwamba poti hiyo hakuna anayesikiliza. Ama ssh haijawaka, ama poti siyo hiyo, ama umegonga kifaa kingine. Kwenye seva: `systemctl status ssh` na `sudo ss -tlnp | grep ssh`.

Connection timed out ni kimya, hakuna aliyejibu. Hapo fikiria fayawoli, mashine imelala, umeme, au anwani siyo. No route to host ukiwa nyumba moja na seva, mara nyingi imezima au imepewa IP nyingine.

Permission denied (publickey) maana yake mtandao wote mzima, usiguse ruta. Tatizo ni yuza, ufunguo au ruhusa. Ingia kwa dirisha ulilonalo, andika `journalctl -u ssh -f` ukiwa na sudo, halafu jaribu tena kutoka nje huku unaangalia. Ukiona imeandika bad ownership or modes, rudi kwenye chmod za juu. Ikisema Too many authentication failures, kompyuta yako ina funguo nyingi inazijaribu zote mpaka seva inachoka kwenye ya sita, iambie itumie mmoja. Mimi nimeweka hivi kwenye `~/.ssh/config`:

`Host tabata`
`  HostName 100.x.y.z`
`  User neema`
`  IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519`
`  IdentitiesOnly yes`
`  ServerAliveInterval 30`

Sasa naandika `ssh tabata` tu. Mstari wa mwisho unatibu ule ugonjwa wa kuacha dirisha dakika chache ukirudi limeganda kisha Broken pipe, kwa sababu vifaa vya njiani vinasahau muunganiko uliokaa kimya. Na kazi ndefu ifanyie ndani ya `tmux`, bando likiisha katikati kazi inaendelea, ukirudi unaandika `tmux attach`.

Likitokea bango kubwa la REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED, jiulize kwanza kama umeinstoli seva upya au IP imehamia kwenye kifaa kingine. Kama ndiyo, `ssh-keygen -R 192.168.1.50` na ulinganishe alama ya kidole tena. Kama hakuna ulichobadilisha, usiingie mpaka umejua sababu.

Lililonisumbua kuliko yote ni hili. Nilikuwa natumia hotspoti ya simu, kuingia kwenye VPS, ping inaenda, poti inajibu, lakini ssh inaganda. Nikaweka `ssh -v` ikawa inaishia hapa kila mara:

`debug1: expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY`

Nikahangaika na funguo siku mbili wakati hatukuwa tumefika hata kwenye funguo. Ping ni pakiti ndogo, inapita. Mabadilishano ya mwanzo ya ssh ni pakiti kubwa, na OpenSSH za miaka hii zimezidisha ukubwa kwa ajili ya kujikinga na kompyuta za kwanta, sasa kukiwa na sehemu njiani isiyopitisha kubwa na haisemi, wewe unasubiri tu. Kuhakikisha, jaribu mabadilishano madogo: `ssh -o KexAlgorithms=curve25519-sha256 neema@anwani`. Likipita, mgonjwa ni MTU, yaani kikomo cha ukubwa wa pakiti. Kwenye Linux punguza upande wako, `sudo ip link set dev wlan0 mtu 1300`, weka jina la kadi yako ya wifi. Tailscale yenyewe inatumia 1280 kwa hiyo ukipita humo mara nyingi hautaliona kabisa.

Ukitaka skrini, siyo maandishi

Weka xfce4 (mazingira mepesi ya picha) na xrdp (inayokuletea skrini ukiwa mbali), lakini poti ya xrdp, 3389, usiifungue nje hata siku moja. Ipitishe ndani ya ssh: `ssh -L 3390:localhost:3389 tabata`, kisha programu yako ya Remote Desktop ielekeze `localhost:3390`. Ikikuletea skrini nyeusi, mara nyingi ni yuza huyo huyo ameshaingia kwenye mashine kwa mkono, atoke kwanza.

Kabla hujasafiri

Zima mashine kabisa uiwashe, usiguse kibodi yake, toka nje ya wifi ya nyumbani utumie data ya simu, uingie. Ikikubali, ndio ufunge begi. Na bandika karatasi juu ya mfuniko kwa atakayebaki nyumbani, yangu nimeiandika kwa kalamu nene: angalia taa ya ruta, angalia waya wa mtandao umekaa, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja tu usishikilie, subiri dakika tatu, kisha nipigie.